Mafunzo ya habari za uchunguzi hapa Mwanza: uzoefu wangu

Kama unataka kujifunza kuficha kamera kwenye kifungo cha shati, baki na hela yako. Mafunzo ya jioni niliyohudhuria, kwenye ukumbi wa kukodi upande wa Nyegezi, ni mafunzo ya makaratasi, yaani kusaka ushahidi kwenye nyaraka. Wengi darasani walikuja wakimuwaza Anas Aremeyaw Anas wa Ghana, yule mwandishi wa kamera za siri anayefunika uso kwa shanga, na baadhi yao wakaacha mapema. Mimi nilikaa hadi mwisho. Ada ilikuwa laki mbili na ushee, na sehemu kubwa yake naona imerudi.

Ninaripotia redio moja ya Kanda ya Ziwa na nalipwa kwa stori. Maisha yangu ni soko la samaki la Mwaloni Kirumba: bei ya dagaa imepanda, makokoro, zile nyavu haramu, yamechomwa moto, mkuu wa wilaya ametoa onyo. Mkufunzi wetu, mzee aliyezeekea magazetini, alisikiliza kazi zetu kisha akaweka sharti: kwenye mazoezi yake hakuna kumpigia kiongozi yeyote kabla hujawa na waraka mkononi. Kwa waandishi tuliozoea kungoja mkutano na wanahabari, hapo tulikosa pa kuanzia.

Jioni iliyonifanya nisijute ni ya kivuko. Mkufunzi akaandika ubaoni MV Nyerere. Nani asiyeijua? Septemba 20, 2018 kilitoka Bugolora kwenda Ukara, kikapinduka gati la Bwisya likiwa pale mbele, wakafa watu 228 kwenye chombo kilichoruhusiwa kubeba 101. Hiyo sote tuliitangaza. Yeye aliuliza jambo lingine: Septemba 19, mwandishi anayejua kazi yake angeweza kuandika nini?

Tukaanza kubahatisha, naye akawa anajaza ubao. Cheti cha chombo kinachoonyesha idadi ya abiria. Tiketi za siku ya gulio, uzilinganishe na idadi hiyo. Kumbukumbu za matengenezo ya injini na malipo yake. Hansadi, yaani kumbukumbu za mijadala ya bunge, maana malalamiko kuhusu kivuko kile yalishafika bungeni kabla ya ajali. Mwisho kabisa, mtu mmoja akae gatini siku ya gulio na daftari, ahesabu wanaopanda. Nauli ya kufika Ukerewe na subira, basi. Halafu akatutaka turudie zoezi kwa meli ya MV Bukoba iliyozama Mei 21, 1996: ruhusa abiria 430, waliokufa wanaaminika kupita 800. Orodha ya nyaraka ikatoka ile ile karibu yote, na kati ya ajali hizo mbili kuna miaka 22. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini anawakera watu wa kamera za siri.

Siku za nyaraka nyingine zilikuwa nzuri pia. Tulifundishwa kumtafuta mwenye kampuni kupitia BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, na kusoma hukumu za mahakama kwenye tovuti ya TanzLII, ambako hulipi kitu na hukutani na karani wa kukuzungusha. Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, nilidhani naijua. Kumbe kila Aprili, ikishawasilishwa bungeni, wote tunakimbilia mabilioni yale yale ya mashirika makubwa, wakati ripoti ya serikali za mitaa ina majedwali na viambatisho ambavyo hakuna aliyevifungua. Itafute halmashauri ya Buchosa humo, itafute Sengerema, utapata kazi ya mwezi mzima.

Pia tuliandika barua halisi za kuomba taarifa kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya mwaka 2016, inayompa mwenye taarifa siku 30 kujibu. Yangu niliipeleka ofisi moja ya umma nikiulizia ushuru wa mwalo. Siku zikapita, kimya. Mkufunzi hakushtuka. Alichouliza ni kama nina nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kwa sababu ukiwa nayo, kule kutojibiwa kunaingia kwenye stori.

Sasa lawama. Sheria na usalama vilipewa jioni moja tu, na mwanasheria mwalikwa alivisoma vifungu vya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kama anawahi daladala ya mwisho. Katika nchi ambayo mwandishi Daudi Mwangosi aliuawa akiwa kazini Nyololo, Iringa, Septemba 2012, na mwandishi mwenzetu Azory Gwanda hajulikani alipo tangu Novemba 2017, hilo halikubaliki. Chanzo wako ni mvuvi, simu yako ikichukuliwa itakuwaje? Namba yake umeihifadhi kwa jina gani? Tuliuliza, tukajibiwa juu juu.

Panama Papers, zile nyaraka za siri za kampuni za nje zilizovujishwa kwa waandishi, nayo ilikula muda. Nyaraka milioni 11.5, sawa, tumestaajabu. Lakini Kirumba hakuna atakayetuletea furushi la namna hiyo. Muda ule ningependa utumike kwenye mabondo ya sangara, ile mifuko ya hewa ya tumboni mwa samaki: yanavyopita mkono hadi mkono mpaka yasafirishwe Asia, leseni gani zinahitajika, na kila hatua inaacha karatasi ipi. Darasa lilikuwa na watu wanaowajua wachuuzi kwa majina, na hakuna aliyewatumia.

Na pesa? Hilo walilikwepa kabisa. Mwandishi wa kulipwa kwa stori akifuatilia jambo moja miezi miwili, anakula nini? Bahasha za pesa wanazopewa waandishi mikutanoni zinaishi kwa sababu hiyo, wala si kwa sababu sote ni makanjanja. Mkufunzi alisema hayo tuzungumze na wahariri wetu. Mhariri wangu anataka stori kabla ya saa kumi.

Nawapa saba kati ya kumi. Mwandishi wa mkoani aliyechoka kusubiri matamko aende. Mwanafunzi ambaye hajawahi kuandika habari ya kawaida asubiri kwanza, atapotea. Ukienda, beba kompyuta mpakato yako na ununue bando mwenyewe, maana intaneti ya ukumbini ilikuwa ya kugombania, na ripoti ya CAG haisomeki kwenye simu.