Kamba ya Katani kutoka Tanga, Baada ya Miezi Minane

Nilinunua bunda la kamba ya katani ya milimita 12 katika duka moja la pembejeo mjini Tanga, na tangu siku hiyo nimeitumia kufungia mbuzi, kutekea maji kisimani na kuwambia kitanda cha marehemu mama kilichokuwa kimelegea. Bei yake ilikuwa karibu mara moja na nusu ya kamba ya manila, ile ya plastiki, yenye unene huo huo.

Ubora wake unaonekana kwenye fundo. Manila huteleza, na fundo lake hulegea lenyewe mbuzi anapovuta huku na huku, lakini katani hujishika kwa singa zake, na fundo nililopiga siku ya kwanza kwenye tendegu la kitanda halijasogea hata leo. Katika wiki za mwanzo singa hizo huchoma viganja, kisha hulainika. Udhaifu wake ni maji: kipande cha kisimani kilianza kuwa cheusi na kuoza kwa ndani katika mwezi wa nne, nikakitupa kabla hakijaangusha ndoo. Halafu kuna jambo ambalo si kosa la kamba: bunda lililoandikwa mita 50 nilipolipima nyumbani lilikuwa na mita 46, na muuzaji hakukubali kunirudishia chochote.

Hata hivyo, siwezi kuipima kamba hii kwa bei na fundo peke yake, kwa sababu nimelelewa na mshahara wake. Babu yangu aliletwa kutoka Njombe na Silabu, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge, mmea unaotoa katani, iliyoanzishwa mwaka 1944 kuandikisha vibarua, akawa mmoja wa wale walioitwa manamba. Baba alizaliwa kambini, naye akafanya kazi korona, kwenye mashine inayoparua majani ya mkonge hadi zibaki singa tupu, kisha akahamishiwa brashi, chumba cha kuzisugua singa zilizokauka. Utomvu wa korona ulimwacha na vipele mikononi hadi kwenye viwiko. Vumbi la brashi lilimwachia kikohozi alichokwenda nacho kaburini, kwa kuwa kinga yake ilikuwa kitambaa cha khanga kuukuu alichojifunga puani. Mshahara huo huo ulininunulia sare na madaftari, na zahanati ya shamba ndiyo iliyomtibu mdogo wangu malaria. Yote mawili ni kweli, nami sioni kwa nini moja lisemwe na jingine lifichwe.

Kilimo hiki cha mkonge kilianza kwa miche michache mno. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha takriban tani 230,000 za katani, ikiongoza duniani, kabla ya nyuzi za plastiki kuteka soko, bei kuanguka na mashamba mengi kuachwa yamezingirwa na pori. Walioumia kwanza ni wale ambao maisha yao yote yalikuwa ndani ya kambi, kwa sababu korona iliponyamaza, duka la kambi nalo lilifungwa.

Mito nayo imelipa. Katika kila kilo 100 za majani, katani haizidi sana kilo 4, na mabaki yaliyosalia yalikuwa yakisukumwa na maji hadi mtoni, yakayafanya maji ya mto kuwa ya kijani yenye harufu kali. Nilifarijika kujua kwamba huko Hale, mkoani Tanga, ulijengwa mtambo wa kugeuza mabaki hayo kuwa gesi na umeme, na ningependa kila korona iwe na mtambo kama huo.

Kwa kazi ya nchi kavu naipendekeza kamba hii bila kusita, mradi mnunuzi aipime palepale dukani na aifunge ncha kwa uzi, kwani haiyeyuki kwa moto kama manila na ncha ikiachwa wazi hufumuka. Nilipokwenda kununua bunda la pili, katika duka jingine, nilimwuliza muuzaji imetoka shamba gani na kama watu wa brashi siku hizi wanapewa barakoa. Hakuwa na jibu, na lebo haikusema kitu. Nililinunua, lakini lebo inayotaja shamba ningeilipia zaidi.