Miaka mitatu na Goodreads: rafu ninayoipenda ni ile ya vitabu ambavyo sijavimaliza

Nilikuwa nasoma Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed iliyotoka 1980. Nakala yenyewe ya mtumba, niliipata kwa muuza vitabu wa barabarani hapa Tanga, jalada limekwisha rangi na ukurasa wa kwanza una jina la mwanafunzi aliyelikoleza kwa wino wa buluu mara mbili mbili. Nikafika pale Maimuna bado kafungiwa ndani kwa baba yake, Bwana Maksuudi. Nikafunua ukurasa. Maimuna keshatoka, yuko kwa watu, na mimi sijui katokaje. Kutazama namba, kurasa 16 hazimo. Hazikuchanwa. Uzi ulilegea, fungu zima la karatasi likachomoka, labda tangu enzi za yule mwanafunzi.

Usiku ule nikafungua Goodreads, programu ya wasomaji ambamo marafiki zako wanaona unachosoma, pale unapojaza umefika ukurasa wa ngapi, nikaandika: "Maimuna katoroka mimi sipo. Nakala yangu ina pengo la kurasa 16." Sikuwa namwomba mtu chochote, nilikuwa nimeudhika tu.

Asubuhi yake niko kwenye daladala naenda dukani (nauza dawa), simu ikalia. Shoga yangu wa Mombasa, tuliyejuana kwenye harusi ya binamu yangu miaka mingi nyuma. "Shoga, hicho sisi tulikisoma shule, na changu ninacho. Nambie zipi hazimo." Nikamtajia namba. Jioni zikaanza kuingia jumbe za sauti kwenye WhatsApp, nne kwa jumla, amenisomea kurasa zote 16. Alipofika kwa Biti Kocho alishusha sauti, akawa mtu mzima anayesema huku jicho liko mlangoni. Katikati ya ujumbe wa pili mwanawe anaomba maji, mama anamjibu "ngoja, baba, namsomea khalati wako," halafu anarudi kwenye mstari palepale alipoachia. Ujumbe wa tatu una adhana ya magharibi ndani yake, akanyamaza mpaka ikaisha, akaendelea.

Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, lakini ukiniuliza kwa nini bado ninaitumia programu hii, nitakusimulia hicho kisa kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa asiyeijua: Goodreads ni daftari la msomaji lililoko intaneti. Waliianzisha Otis Chandler na Elizabeth Khuri Chandler, ikafunguliwa kwa watu Januari 2007, na mwaka 2013 ikanunuliwa na Amazon. Ni bure, ina matangazo. Ukijiunga unapewa rafu tatu: ya vitabu unavyotaka kusoma, ya unachosoma sasa, na ya ulivyomaliza. Kitabu kimoja kinakaa kwenye rafu moja tu kati ya hizo tatu, ila unaweza kujitengenezea rafu nyingine kadiri upendavyo na kukiweka huko pia. Mimi nina rafu ya vitabu nilivyoazima na ya nilivyoazimisha, na hiyo ya pili imenirudishia vitabu viwili ambavyo ningeshavisahau kabisa. Marafiki mliokubaliana wanaona unachoweka, nawe unaona chao.

Watu wengi ninaowajua wanaitumia kwa nyota. Wanamaliza kitabu, wanabonyeza nyota, wanaondoka. Mimi nyota sizipi uzito. Kwanza ni nyota nzima tu, moja hadi tano, nusu hakuna. Pili, maana yake hailingani na tunavyozisoma. Ukizifuata kwa maelezo yao wenyewe, nyota mbili maana yake kitabu si kibaya, tatu maana yake umekipenda. Nani kati yetu anampa mwandishi nyota mbili akiwa na maana kwamba hakuwa mbaya? Ukiona kitabu kina tatu na nusu kwa wastani unadhani kimefeli, kumbe wengi wamekipenda. Dada mmoja ninayefanya naye kazi alihamia StoryGraph, ile aliyoianzisha Nadia Odunayo, kwa sababu huko unaweza kutoa hata robo ya nyota. Ameridhika nayo. Mimi nimebaki kwa sababu watu wangu wako huku.

Ninachokishikilia ni rafu ya kati. Ukiandika maoni kitabu kimeshafungwa, mwenzio anapokea hukumu, na la kukujibu hana zaidi ya kukubali au kukataa. Ukiandika ungali ukurasa wa 80, hujui mwisho, umemshuku mhusika fulani na pengine umemshuku bure, hapo mtu anapata pa kuingilia. Atakwambia ngoja ufike mbele. Atakwambia hata yeye alidhani hivyo. Au atakwenda kukitafuta cha kwake ili asiachwe. Ndiyo maana mimi huandika kila baada ya siku mbili tatu, sentensi moja, na huandika swali lililonikaa kichwani. Namba ya ukurasa peke yake haimwambii mtu kitu. Kuna marafiki zangu wanaoandika "asilimia 40", basi. Asilimia 40 ya nini? Nani kafanya nini humo ndani hadi ukalala saa saba?

Halafu kuna kupendekeza. Programu inakuruhusu kumtumia rafiki kitabu pamoja na maneno machache. Inakuruhusu pia kuwatumia watu wengi kwa mkupuo mmoja, na hapo nilikosea mwaka wa kwanza. Nilikuwa nimemaliza Nagona ya Euphrase Kezilahabi, kitabu chembamba, unakishika kwa vidole viwili, nacho kilinitikisa nikatembea nacho kichwani wiki nzima. Nikakituma kwa watu sita. Hakuna aliyekimaliza. Mmoja wao alikuwa ametoka kumzika mama yake na alikuwa ameniomba, kwa maneno yake mwenyewe, kitu cha kumpumzisha akili. Nagona haipumzishi akili ya mtu. Inaanza kama njozi na haikushiki mkono popote. Nilimtafuta nikamwomba radhi, akasema haina neno, lakini najua siku ile alitaka rafiki aliyemfikiria yeye, mimi nikampelekea kile nilichokuwa nakifikiria mimi.

Tangu hapo natuma kwa mtu mmoja, na kwenye yale maneno machache naandika kwa nini yeye. Kama sina la kuandika hapo, situmi.

Kwenye vitabu vya Kiswahili kuna mambo ya kujua kabla hujakata tamaa. Maandishi yote ya programu yenyewe ni ya Kiingereza, ingawa maoni yako unaandika kwa lugha unayotaka, na mimi yangu yote ni ya Kiswahili. Kitabu kipya unaweza kukiingiza kwa kamera ya simu, unaielekeza kwenye ile mistari myeusi ya nyuma ya jalada, kinatokea. Vitabu vyangu vingi vya miaka ya 70 na 80 havina mistari hiyo, kwa hiyo ni kuandika jina. Na majina yetu yana visa vyake. Riwaya ya Vuta n'kuvute jaribu na kile kialama cha juu, kisha bila. Said Ahmed Mohamed mtafute kwa jina zima, kisha kama Said A. Mohamed, maana majalada yenyewe hayakubaliani.

Taarifa za vitabu zinatunzwa kwa sehemu kubwa na watu wanaojitolea, wanaitwa wakutubi. Wana kundi lao humohumo, unawapelekea ombi: jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, mwaka, idadi ya kurasa, picha ya jalada. Nimeshaomba mara mbili na zote zilishughulikiwa. Nasisitiza hili kwa sababu nasikia wenzangu wakilalamika kwamba vitabu vyetu havionekani. Kitabu kinaonekana mtu akikiweka. Mwenye nakala mkononi ni wewe. Pima mwanga vizuri dirishani, piga picha ya jalada, soma ule ukurasa wa mchapishaji uliokuwa ukiuruka siku zote, peleka. Ni kazi ya dakika kumi, na baada ya hapo mtu aliyeko Muscat au Toronto akitafuta jina lile, anakikuta.

Shindano la mwaka, ambapo unajiwekea idadi ya vitabu na programu inakuhesabia, niliacha. Mwaka nilioweka 40 nilijikuta ninachagua vyembamba ili nisibaki nyuma, na riwaya moja nene niliyoipenda sana niliirudisha rafuni. Wanaofaidika nalo wapo. Mimi liliniharibia usomaji.

Mambo mengine mawili ya haraka. Weka wasifu wako uonwe na marafiki tu kama hutaki kila mtu ajue unasoma nini, mpangilio upo. Na mara moja kwa mwaka ingia kwa kompyuta ujipakulie orodha yako yote kama faili la jedwali. Miaka mitatu ya kumbukumbu si ya kuiacha mahali pamoja.

Sasa nimtaje mjomba.

Mjomba wangu alifanya kazi bandarini Tanga maisha yake yote ya utu uzima, kupakua na kupakia. Bandari yetu kwa miaka mingi meli zilitia nanga nje kwenye ghuba na mizigo ikaletwa gatini kwa matishari, na yeye ndiye mtu wa matishari hasa. Bega lake la kulia liko chini kuliko la kushoto. Tangu aache shule hakuwahi kusoma riwaya. Gazeti, ndiyo, na Kurani kila alfajiri. Mwaka jana alipostaafu akawa anashinda barazani, na mama akaniambia, "Mwanangu, mtafutie mjomba wako la kufanya."

Nikampelekea Kuli, ya Adam Shafi, ya 1979. Ni habari ya wachukuzi wa bandari ya Unguja, Rashidi na kabla yake baba yake, na mgomo wao wa 1948. Simu yake ni ya vitufe, Goodreads hana habari nayo, kwa hiyo yale maneno machache niliyaandika kwa kalamu kwenye karatasi nikayatia ndani ya jalada: "Mjomba, shikamoo. Humu wamo watu wa kazi yako. Nataka unieleze kama mwandishi anajua anachokisema."

Siku tatu kimya. Siku ya nne nimepita jioni, nikamkuta kakaa karibu na taa, miwani kaifunga kwa uzi mahali ilipovunjika, kitabu kakishika kwa mikono miwili namna ya kushika sahani ya moto. Nikamwamkia, akaitika bila kuinua uso. Halafu akauliza, "Mtu huyu kabeba gunia kweli, au kaambiwa?" Nikamwambia sijui, mjomba. Akaweka kidole kwenye mstari, akanisomea pale baba yake Rashidi yuko kazini, polepole, akirudia neno likimtatiza. Akafunga kitabu na kidole kikiwa ndani. Akaanza kuniambia kuhusu mwenzao mmoja, sitaji jina, na kamba iliyokatika, na namna walivyomleta ufukweni. Mimi ni mtoto wa dada yake, nimekulia nyumba ya tatu kutoka kwake, na habari ile sikuwahi kuisikia. Wala mama hakuwahi kuisikia, naye alikuwa jikoni, akatoka na mwiko mkononi akasimama mlangoni.

Nilimfungulia mjomba rafu yake ndani ya akaunti yangu, nimeiita kwa jina la cheo chake cha bandarini. Marafiki zangu wanaifuata. Shoga wa Mombasa kila wiki anauliza mzee kafika wapi, na mara mbili ametuma salamu ambazo nimezifikisha barazani nazo zikajibiwa kwa heshima zote.

Kwa anayetaka nyota, Goodreads naipa nne, kwa maana ya kawaida ya watu wa kawaida. Ya tano nitaitoa siku nitakapoifungua nikaikuta inasema nami Kiswahili.

Kuli nimeirudisha kwenye rafu ya ninachosoma sasa, mara ya pili, ili niende sambamba na mjomba. Jana usiku alinipigia, saa nne imepita. Akaniuliza nimefika wapi, nikamwambia. Akacheka, akasema yeye yuko mbele yangu, na nilipomwuliza mgomo umefikia wapi alikataa katakata kuniambia.