Nilijifundisha upigaji picha, kisha nikasoma kozi: uzoefu wangu

Kozi niliyosoma ilikuwa ya jioni, yenye studio ndogo na mkufunzi mmoja. Niliingia nikiwa tayari najua kutumia kamera, kwa kuwa nilikwisha kujifundisha kwa video za intaneti na kwa kupiga picha kila nilipopata nafasi.

Ufundi wa kamera yenyewe, kwa maoni yangu, hauhitaji ada. Ukishaelewa kwamba ukibana tundu la lenzi kutoka f/4 kwenda f/5.6 mwanga unapungua kwa nusu, na ukifupisha muda wa kupiga kutoka sekunde 1/125 kwenda 1/250 unapungua kwa nusu vilevile, kinachobaki ni mazoezi, mpaka vidole vizungushe gurudumu huku macho yakiwa kwa unayempiga. Hakuna mwalimu wa kukufanyia hilo. Mmarekani Gordon Parks alijifundisha mwenyewe, na bado akafika kuwa mpiga picha wa jarida la Life la huko Marekani.

Kozi ilinifaa kwenye mwanga. Siku moja mkufunzi alimkalisha mwenzetu mwenye shati jeupe mbele ya ukuta mweupe, akatuambia tufuate kipimo cha mwanga cha kamera. Shati na ukuta vyote vikatoka kijivu. Nilikuwa nikiiona hali hiyo mara nyingi na kuisahihisha kwenye kompyuta, lakini pale ndipo nilipojua chanzo: kamera hudhani kila kilicho mbele yake kina mng'ao wa wastani, kwa hiyo cheupe hukififisha na cheusi hukipausha. Kisha akairudisha taa nyuma, kutoka mita 1 hadi mita 2 mbali na mwenzetu. Mwanga ulishuka hadi robo, na kivuli cha pua kilichokuwa laini kikapata ukingo mkali. Maelezo hayo yapo hata kwenye video za bure, ila kuyaona yakitokea usoni mwa mtu, hatua mbili kutoka ulipo, ni jambo jingine kabisa.

Halafu kuna kukosolewa, na hapa ndipo pesa yangu ilipofanya kazi hasa. Picha zilibandikwa ukutani, na mwenyewe haruhusiwi kujitetea. Ndugu na marafiki husifu tu. Pale niliambiwa wazi kwamba dirisha linalong'aa nyuma ya bibi harusi linavuta jicho kuliko uso wake. Tangu hapo nakagua pembe zote nne za fremu kabla ya kubonyeza.

Sikuridhishwa na vipindi vya historia ya kamera vilivyosomwa tu kutoka kwenye slaidi, wala na foleni ya wanafunzi kwenye taa moja. Cheti nacho hakuna mteja aliyewahi kuniomba. Wote huomba kuona kazi.

Ningeanza tena, ningejifundisha kwanza, kisha nitafute kozi fupi ya taa. Kabla ya kulipa, uliza mtakuwa wangapi kwa taa moja, na nani atazitazama picha zako kila wiki. Wakikujibu kwa orodha ya mada tu, tafuta kwingine.