Kamusi za Cambridge na Oxford mtandaoni zikipimwa kwa neno "notorious"

Ukitafsiri "jambazi maarufu" kuwa "a famous robber", msomaji wa Kiingereza atashangaa unamsifia mwizi. "Famous" ni la mwanamuziki na mwanariadha. Anayejulikana kwa ubaya huitwa "notorious", na hapo ndipo kamusi inapoonyesha kama inamfaa mtu anayewaza kwa Kiswahili. Tumechukua mbili zinazosomwa bure kwenye simu, Cambridge Dictionary na Oxford Learner's Dictionaries, tukazipima kwa neno hilo na ndugu zake.

Tuanze na sikio, maana Cambridge inasaidia sana hapa. Juu ya maelezo kuna alama mbili za spika, moja ya matamshi ya Uingereza na nyingine ya Marekani. Usizipite. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ulimi wetu hutaka kusema "noto-RI-as". Sahihi ni "no-TO-ri-as". Kwa "infamous" mtego ni uleule: jicho linaona "famous" ndani yake, mdomo unasema "in-FEI-mas", wakati mkazo uko mwanzoni kabisa, "IN-fa-mas". Kile kistari kidogo kilichosimama kwenye maandishi ya matamshi huwekwa kabla ya silabi yenye mkazo. Ukikizoea huhitaji hata sauti. Nomino "notoriety" ndiyo inayoangusha wengi, kwa sababu mkazo unahama: "no-ta-RAI-a-ti".

Maana yenyewe Cambridge inaieleza kwa maneno machache mepesi, kwamba ni kujulikana kwa jambo baya. Lakini maana peke yake haikujengei sentensi. Kiswahili kina "kwa" inayofanya kazi nyingi, na anayetafsiri "anajulikana kwa wizi" huishia kuandika "notorious by stealing", "notorious with theft", au "notorious in theft". Zote ni makosa. Oxford inalimaliza tatizo hili kwa kuandika kiunzi chenyewe kabla ya mfano: "notorious for" ikifuatwa na nomino au kitenzi chenye "-ing", na "notorious as" ikifuatwa na kile ambacho mtu au mahali pamegeuka kuwa. Kwa hiyo:

"This bus stop is notorious for pickpockets." Kituo hiki kinajulikana kwa vibaka.
"He is notorious for keeping tenants' deposits." Anajulikana kwa kula amana za wapangaji.
"The bend is notorious as an accident spot." Ile kona inajulikana kuwa mahali pa ajali.

Usiandike "notorious to keep". Na ukitaka kusema kitu kinajulikana kwa ugumu au ubovu wake, tumia kielezi: "notoriously difficult", "notoriously slow". Mtihani, fomu ya serikali, intaneti ya mvua ikinyesha, vyote vinaingia hapo bila kumgusa mtu.

Sasa kwenye jambo ambalo kamusi zote mbili haziwezi kukusaidia, kwa kuwa hazikuandikwa kwa ajili yetu. Magazeti yetu husema "jambazi sugu", na mara nyingi "notorious" ndilo neno zuri la kulitafsiri. Mkosaji hufika mbali zaidi: anachukua "notorious" kuwa ndilo "sugu" kila mahali, kisha anaandika "a notorious disease" akimaanisha ugonjwa sugu. Huo ni "chronic". Sugu ni ile ngozi ngumu ya kisigino au kiganja. Neno linazungumzia kukomaa na kutokutoka. "Notorious" linazungumzia midomo ya watu. Mwizi wa miaka ishirini ambaye hajawahi kushukiwa na yeyote ni sugu, amekubuhu, lakini si "notorious". Vivyo hivyo mtoto mtukutu darasani ni "naughty". Kumwita "notorious" kwenye ripoti ya shule ni kumtia hatia kubwa kuliko kosa lake.

Kasoro ya Cambridge iko chini ya ukurasa. Baada ya mifano iliyoandikwa na wahariri, kuna rundo la mifano iliyozolewa na kompyuta kutoka maandiko halisi, yakiwemo makala za kitaaluma na kumbukumbu za Bunge la Uingereza. Tumia ya juu kama kielelezo, ya chini isome kwa tahadhari. Katika Kiingereza cha bunge na mahakama, "notorious" huweza kumaanisha tu "linalojulikana na wote", bila ubaya wowote. Matumizi hayo yako hapa kwetu pia: Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, kifungu cha 60, inaitaka mahakama iyatambue bila ushahidi mambo yenye "general or local notoriety", yaani yanayojulikana na wote au na watu wa eneo fulani. Hakuna anayetukanwa hapo. Asili ya neno inaeleza kwa nini: Kilatini "notus", kilichojulikana. Habari hiyo utaipata Oxford, kwenye sehemu ya asili ya neno. Cambridge haina sehemu hiyo.

"Disreputable" ni neno jingine kabisa, ingawa kamusi ndogo za mfukoni huliwekea tafsiri ileile ya "-enye sifa mbaya". Gereji inayobadilisha vipuri vizuri kwa vibovu ni "disreputable", hata kama ni wateja watatu tu wanaoijua. Haiaminiki, basi. Ikijulikana mji mzima, imekuwa "notorious".

Kwa matumizi ya kila siku, fungua Cambridge kusikiliza na kupata maana ya haraka, halafu Oxford kabla ya kuandika, uangalie kiunzi kilichowekwa mbele ya mfano. Kama bando linatosha kwa ukurasa mmoja tu, fungua Oxford. Nayo ina sauti zote mbili. Na kabla ya kumwandikia mtu kwa jina kuwa ni "notorious", kumbuka neno hilo ni tuhuma, na linaweza kukupeleka kwa wakili.