Mifuko ya PICS baada ya misimu miwili: mahindi ya Julai yaliyoliwa hadi Mei

Tarehe 10 Februari 2024 nilifungua mfuko wa pili kati ya mifuko mitatu ya PICS, yaani mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ya mahindi niliyokuwa nimeifunga mwishoni mwa Julai 2023, hapa nyumbani Dodoma. Nilifungua kamba ya gunia la nje, kisha ya plastiki ya katikati, kisha ya plastiki ya ndani, na mdomo ulipoachia nikapata harufu ya mahindi makavu kama yaliyopukuchuliwa jana, wala si lile vumbi kali linalopanda puani mtu anapofungua gunia lililokaa zaidi ya miezi sita. Niliingiza mkono hadi kwenye kiwiko, nikatoa punje kutoka katikati na kuzimwaga kwenye ungo. Nilihesabu fukusi tisa, wote wamekufa na kukauka, na punje chache zenye matundu ambayo bila shaka yalikuwapo tangu siku tuliyofunga. Siku hiyo hiyo nilipeleka debe mbili mashineni, tukasaga dona, na hakuna aliyeuliza mezani kama unga ni wa zamani.

Naeleza hayo kwa kirefu kwa sababu mwaka uliotangulia nyumba hii hii ilikuwa na hadithi nyingine. Huku kwetu kanda ya kati mvua huja msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na mavuno huanza Mei na Juni. Anayekosea kuhifadhi hupata adhabu yake Januari, mwezi wa ada na sare za shule, wakati chakula sokoni kimeadimika na shambani bado kuna majani tu. Mwaka 2022 tulihifadhi gunia la kawaida la mahindi, tukachanganya dawa ya unga, tukaliegemeza ukutani stoo na kulisahau. Nilipoligusa Desemba, gunia lilikuwa limelegea na sakafuni chini yake kulikuwa na unga mwepesi wa njano. Katika debe tano tulizoweka, baada ya kupepeta zilibaki tatu na nusu, nazo zilikuwa chungu kiasi kwamba nyingi ziliishia kwa kuku. Mwanzoni mwa 2023 bei ya mahindi ikapanda sana nchini, nasi tukawa tunanunua kwa kilo mbili mbili, namna ya kununua ambayo humgharimu zaidi yule yule aliye na kidogo.

Mdudu aliyetumaliza ni dumuzi. Fukusi tumeishi naye siku zote, lakini dumuzi ni mgeni mwenye asili ya Amerika ya Kati, aliyebainika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuenea kutoka hapo hadi nchi nyingi za Afrika. Yeye habungui punje tu, bali hutoboa hata mbao na mianzi ya kihenge, na kila anapopita huacha unga. Ndiyo maana vihenge vilivyowatosha babu zetu havitutoshi sisi, na ndiyo maana nilianza kuuliza habari za mifuko isiyopitisha hewa.

Mfuko wa PICS una tabaka tatu: plastiki mbili nzito, moja ndani ya nyingine, na gunia la kawaida la nailoni lililofumwa linalobeba uzito. Unene wa kila plastiki ni maikroni 80, na ukubwa unaouzwa zaidi hubeba kilo 100. Teknolojia hii ilitokana na kazi ya mtaalamu wa wadudu Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, na wenzake waliofanya utafiti Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya wakulima wa kunde, na baadaye ikaonekana kuwa inafaa kwa mahindi, maharage, mtama na nafaka nyingine. Hapa nchini mifuko hii hutengenezwa Tanga, na Arusha hutengenezwa mingine inayofanana nayo, kwa hiyo haihitaji kuagizwa kutoka mbali.

Namna inavyoua wadudu ni jambo ambalo ningependa kila mwenye stoo alielewe, kwa sababu anayelielewa hafungi mfuko kizembe. Ndani ya mfuko hakuna dawa yoyote. Wadudu walioingia na mahindi huendelea kupumua, na kwa kuwa hewa mpya haipiti, wao wenyewe huimaliza oksijeni katika siku chache. Mdudu wa ghalani hanywi maji. Maji ya mwili wake huyapata kwa kuchoma chakula mwilini, kazi ambayo haiwezekani bila oksijeni. Oksijeni inapopungua huacha kula, huacha kutaga, kisha hukauka. Kwa maneno mengine hufa kwa kiu akiwa amezungukwa na chakula. Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini tundu dogo kama la sindano ni jambo la kuhangaikia, na kwa nini mfuko uliojazwa nusu hufanya kazi polepole zaidi kuliko uliojaa: hewa iliyobaki juu ni akiba ya mdudu.

Kazi yenyewe, hata hivyo, haipo kwenye mfuko, ipo kwenye kukausha. Mfuko huu hutunza kile ulichoweka kama ulivyokiweka. Ukiweka mahindi mabichi, utatunza ubichi, na yataoza na kuota ukungu mahali usipoweza kuyaona. Wataalamu wanashauri unyevu usizidi asilimia 13.5, na kwa kuwa sina mashine ya kupimia, nilitumia chupa na chumvi. Nilichukua chupa ya soda ya kioo iliyokauka kabisa, nikatia punje hadi robo yake, nikaongeza kijiko cha chumvi kavu, nikaziba, nikatikisa kwa dakika moja na kuiacha itulie kwa robo saa. Mara ya kwanza chumvi iliganda kwenye kioo kama vumbi kwenye dirisha, dalili kwamba mahindi yalikuwa bado na maji. Tuliyarudisha juani, juu ya turubai na si juu ya ardhi, kwa siku tatu zaidi. Mara ya pili kioo kilibaki safi. Lakini kipimo hiki hukamata tu mahindi yenye unyevu unaozidi takribani asilimia 15, kwa hiyo mahindi yanayofaulu bado yanahitaji jua. Sisi tuliongeza siku mbili, hadi punje ikawa inakatika kwa mlio kavu chini ya jino. Kisha tukayaacha yapoe kivulini usiku kucha, kwa kuwa mahindi ya moto yakifungiwa kwenye plastiki hutoa jasho.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya sumukuvu, ambayo mfuko hauiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, majirani zetu hawa hawa, waliokula mahindi kama haya tunayokula sote. Sumu hiyo hutokana na ukungu unaoanza shambani na wakati wa kukausha, haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupika ugali ukaiva. Punje zilizovunjika, zilizosinyaa na zenye ukungu zichambuliwe kwa mkono kabla ya kufunga, na anayeuza mfuko kwa kusema kwamba unatibu sumukuvu anapotosha.

Kufunga kunahitaji watu wawili na uvumilivu. Kwanza kila plastiki hujazwa hewa, mdomo ukabanwa, na mfuko ukaminywa karibu na shavu ili kusikiliza kama unavuja. Shavu husikia upepo ambao jicho halioni. Kisha plastiki moja huingizwa ndani ya nyingine, zote ndani ya gunia, na mahindi humiminwa debe kwa debe huku yakishindiliwa kwa kulitikisa gunia ili yajipange. Vipande vya magunzi viondolewe kabisa, kwa kuwa ndivyo vinavyotoboa. Juu huachwa nafasi ya kutosha, kama urefu wa kiganja na nusu, hewa husukumwa nje kwa mikono, mdomo wa plastiki ya ndani husokotwa hadi ugeuke mgumu kama kamba, hukunjwa na kufungwa. Ya pili hufungwa vivyo hivyo peke yake, na gunia la nje mwisho. Mama mkwe wangu, ambaye amefunga magunia tangu ujana wake huko Kongwa, alituonyesha kutumia ukanda wa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli badala ya kamba ya katani, na kweli mpira hubana kote kwa usawa na hauachi mkunjo wa kupitisha hewa. Tangu siku hiyo sijatumia kitu kingine.

Panya ndiye udhaifu mkubwa. Katika msimu wa pili, mfuko mmoja uliowekwa karibu na ukuta ulitafunwa pembeni, gunia na plastiki zote mbili, na tuliupata baada ya kuona punje chini ya chaga. Kosa lilikuwa letu, kwani stoo ilikuwa na ndoo na mbao zilizowapa panya maficho. Mahindi yaliyokuwa karibu na tundu yalianza kubunguliwa, mengine tuliyahamisha yakapona. Sasa mifuko yetu imesimama juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita, na sakafu hufagiliwa kila Jumamosi. Anayeishi mahali penye panya wengi na hana namna ya kuwazuia afikirie kihenge cha chuma, ambacho panya hawezi kukitoboa, ingawa bei yake ni kubwa na haiwezi kulinganishwa na ya mfuko.

Upungufu wa pili ni kwamba mfuko huu si wa kuchota kila siku. Kila unapofunguliwa hewa mpya huingia, na familia inayochota kisado asubuhi na jioni itakuwa imenunua gunia la kawaida kwa bei ya juu. Sisi watu sita hutumia takribani debe mbili kwa mwezi. Kwa hiyo mara moja kwa mwezi tunafungua, tunatoa debe mbili kwa haraka, tunaziweka kwenye ndoo yenye mfuniko na kuufunga mfuko tena kama siku ya kwanza. Mifuko mitatu, yaani debe 15 hivi, ilitutoa Oktoba hadi Mei, baada ya kumaliza mahindi ya gunia la kawaida tuliyoyatenga kwa ajili ya Agosti na Septemba. Katika miezi hiyo yote hatukununua hata kilo moja.

Kuhusu bei, nilinunua kila mfuko kwa shilingi 5,000, na minne, mitatu ya mahindi na mmoja wa kunde, ikanigharimu 20,000. Gunia tupu la kawaida ni rahisi zaidi, na ndiyo sababu wengi husita. Lakini debe moja na nusu tuliyoipoteza kwa dumuzi mwaka ule ilikuwa na thamani kubwa kuliko bei ya mfuko ambao ungeiokoa, achilia mbali fedha ya dawa. Isitoshe, mifuko mitatu kati ya minne tuliitumia tena msimu wa pili baada ya kuijaza hewa na kuisikiliza upya.

Lazima pia nieleze lililonipata dukani. Mwaka jana, nikihitaji mfuko mmoja wa ziada, nilinunua katika duka moja la pembejeo ambalo muuzaji wake aliniapia kuwa ni ule ule. Nilipofika nyumbani nilikuta plastiki moja tu ndani, tena nyepesi kama ya kubebea nyanya, na gunia la nje halikuwa na maandishi yoyote. Niliurudisha, akakataa. Tangu hapo siondoki dukani kabla ya kutoa plastiki zote nje ya gunia, kuhesabu mbili, kuzisugua kati ya vidole na kusoma jina lililochapwa. Muuzaji mwaminifu hachukizwi na ukaguzi huo.

Kwa mahindi nimeridhika, lakini kwa kunde nimefurahi zaidi, na sikutarajia. Kunde zetu zilikuwa zikitobolewa zote kabla ya Krismasi hata tukizitia majivu, na kwa sababu hiyo tulikuwa tukiziuza zote mapema kwa bei yoyote. Zilizotoka kwenye mfuko Desemba zilikuwa zinang'aa, zikaiva kwa muda wa kawaida, na kilo nne tulizotenga kwa mbegu ziliota karibu zote mvua ziliponyesha. Mama mkwe ameagiza mifuko miwili Julai hii, wa kunde na wa njugu mawe, na ametuma ujumbe kwamba tusimpelekee kamba kwa kuwa mipira ya baiskeli anayo.