Access inafungua faili kwa kusoma tu? Usibonyeze kile kitufe kwanza

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo tunaichambua Microsoft Access, ile programu ya kutunza databesi, ila fomu na ripoti naziruka, huko iko poa na wengi mnaijua, nataka tuongelee ule mstari wa njano unaotokea juu ukifungua faili, unakwambia databesi imefunguliwa kwa kusoma tu, halafu pembeni kuna kitufe cha kuseivu kopi.

Jamani hicho kitufe kiacheni. Ukibonyeza unapata faili la pili, karani mmoja anaingiza mauzo kwenye la zamani mwingine kwenye jipya, mwisho wa mwezi hesabu hazisomani na kuziunganisha ni kukesha.

Anza kuangalia faili liko wapi. Kama umelifungua likiwa bado ndani ya zipu au kwenye atachimenti ya imeili, litoe, liweke kwenye folda yako ndo ufungue. Likigoma, raiti kliki, ingia Properties, kama Read-only ina tiki itoe, na ukiona Unblock chini pale weka tiki, lakini iwe unamjua aliyekutumia eeh.

Sasa penyewe ni hapa, folda. Ukifungua faili la .accdb, yaani databesi yenyewe ya Access, Access inaunda kifaili kingine pembeni, jina lilelile ila mwisho .laccdb, kinashika rekodi ya nani yuko ndani, wa mwisho akitoka kinafutika. Kwa hiyo kwenye seva ya ofisi haitoshi jamaa wa IT kukupa ruhusa ya kuandika kwenye faili tu, inabidi uweze kuunda na kufuta vitu kwenye folda yenyewe, na hapa ndo wengi wanakwama wiki nzima wanalaumu kompyuta. Ukikuta .laccdb imebaki na watu wote wameshafunga, ifute, ila mhakikishe kweli, yule wa stoo huwa anaacha mashine imelala na programu iko wazi.

Zile .mdb, mafaili ya databesi ya zamani, za Access 97 ni kesi nyingine, kuanzia Access 2013 hazifunguki kabisa, tafuta mashine yenye 2010 uzigeuze.

Kwa ofisi ndogo bado naipa 7 kwa 10. Tatu nimezikata kwa ule ujumbe, haukwambii shida ni faili, ni folda au kuna mtu kalishikilia. Na nyie mnaoliweka faili OneDrive, ile hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, halafu mnaingia wawili kwa pamoja, acheni, Access haikutengenezwa kwa hiyo kazi.