Uzoefu Wangu na Mafunzo ya Mtandaoni ya Kutibu Matatizo ya Ulaji, Nikiwa Uganda

Mafunzo ninayoyaeleza hapa hutolewa kwa intaneti na taasisi moja ya Marekani, na yamekusudiwa madaktari, wauguzi, wanasaikolojia na wataalamu wa lishe ambao tayari wanatibu wagonjwa wa anoreksia (kujinyima chakula), bulimia (kula sana kisha kujitapisha au kujilazimisha kukitoa chakula) na kula kupita kiasi. Mimi ni afisa kliniki wa afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Uganda, na niliyalipia kwa fedha yangu mwenyewe. Kwa sehemu inayohusu usalama wa mwili wa mgonjwa, ningelipa tena. Kwa sehemu inayohusu familia na tathmini ya awali, mhudumu wa Uganda atalazimika kufanya kazi kubwa ya kuyarekebisha, na taasisi haimsaidii katika hilo.

Moduli bora kuliko zote ni ile ya hatari zinazotokea mtu aliyekaa na njaa kwa muda mrefu anapoanza kulishwa upya. Mkufunzi anaeleza kwa utulivu jinsi mwili uliozoea kuchoma mafuta unavyopokea wanga ghafla, insulini ikapanda, fosfeti, potasiamu na magnesiamu zikavutwa kutoka kwenye damu na kuingia ndani ya seli, na moyo ukabaki bila madini unayoyategemea ili upige sawasawa. Anasisitiza pia kwamba thiamini, yaani vitamini B1, itolewe kabla chakula hakijaongezwa. Anayejua kwa nini mtoto mwenye utapiamlo mkali huanzishiwa maziwa ya tiba ya F-75, yenye nguvu kidogo, kabla ya kuhamishiwa F-100, yenye nguvu zaidi, ameshaielewa nusu ya somo hili, na nilishangaa kwamba uzoefu wa wodi za watoto za Afrika, ambako tahadhari hii ni kazi ya kila siku, haukutajwa hata mara moja. Hata hivyo moduli haikuishia kwenye kutisha watu. Ilitumia mwongozo wa dharura za kitabibu uliotolewa mwaka 2022 na Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Akili cha Uingereza, unaoonya kwamba kumlisha mgonjwa kidogo mno kwa sababu ya woga nako kunaweza kumuua. Onyo hilo limebadilisha namna ninavyozungumza na wenzangu wa wodi ya jumla, ambao wakishasikia habari ya fosfeti hutaka kumweka mgonjwa kwenye uji mwepesi bila kikomo.

Tatizo ni maabara. Mifano yote ya moduli inachukulia kwamba damu itapimwa kila siku na majibu yatatoka kabla ya jioni, ilhali kwetu vitendanishi (kemikali za kupimia) vya fosfeti mara nyingi havipo na sampuli hupelekwa maabara ya binafsi kwa gharama ya familia. Kwa sababu hiyo, kilichonifaa zaidi ni kipimo kisichohitaji kifaa chochote: mgonjwa analala chali sakafuni, anaambiwa aketi bila kujisaidia kwa mikono, kisha anachuchumaa na kuinuka, pia bila mikono. Asiyeweza kabisa hupewa sifuri, anayeweza kwa kujishikilia hupewa moja, anayeweza kwa taabu hupewa mbili, na anayefanya bila shida hupewa tatu. Video inaonyesha kipimo hiki kwa ukaribu, hata magoti yanayotetemeka na mkono unaotafuta ukingo wa kiti bila mwenyewe kujua, na ndiyo video niliyowaonyesha wauguzi wetu wa zamu. Pamoja na kuhesabu mapigo ya moyo, ambapo chini ya 40 kwa dakika ni alama ya hatari kubwa, mhudumu wa kituo kidogo anapata msingi wa kuamua nani asilale nyumbani usiku huo.

Tathmini ya awali ndipo nilipoanza kutoridhika. Wanatumia hojaji ya SCOFF, yenye maswali matano, iliyochapishwa Uingereza mwaka 1999, ambayo majibu mawili ya ndiyo hutosha kumtilia mtu shaka. Swali mojawapo linauliza kama mtu hujiona mnene wakati wengine wanasema amekonda mno. Katika nchi ambayo miaka ya 1980, huko Rakai na Masaka, watu waliuita UKIMWI “Slim” kwa sababu ya jinsi ulivyokondesha, msichana akiambiwa na majirani kwamba amekonda, anachosikia ni tuhuma. Mama yake atampeleka kupimwa VVU na kifua kikuu kabla ya kufikiria jambo jingine, na kusema kweli anafanya sawa, kwa kuwa magonjwa hayo lazima yaondolewe kwanza. Kozi ilipaswa kutufundisha namna ya kuendelea na mazungumzo baada ya vipimo hivyo kuonyesha hana ugonjwa, wakati familia imeshapumua na haitaki kusikia zaidi.

Kufunga kwa ajili ya dini kulipewa maelezo mafupi tu. Sisi tunaohudumia jamii za Kiislamu tunakutana na binti ambaye Ramadhani imekwisha, siku anazodaiwa ameshazilipa, na bado anafunga. Ukimuuliza, anakutajia sunna ya Jumatatu na Alhamisi, na hakuna mzazi atakayethubutu kumkataza ibada. Hapo nilitarajia mwongozo wa namna ya kumshirikisha shehe, lakini sikuupata.

Tiba ya familia, iliyoanzia hospitali ya Maudsley jijini London, imefundishwa vizuri kwa kadiri inavyokwenda: katika awamu ya kwanza wazazi wanashika usukani wa milo, na chakula cha pamoja huliwa mbele ya mtaalamu. Lakini wasichana wengi ninaowaona wako shule za bweni, huwaona wazazi wakati wa likizo tu, na anayejua kama posho (ugali) na maharage vimeliwa au vimemwagwa ni matroni, tena akiwa na bweni zima la kuangalia. Nilipouliza katika kipindi cha moja kwa moja kama matroni anaweza kuchukua nafasi ya mzazi, mkufunzi alikiri kwa heshima kwamba hajawahi kulifikiria, kisha akaendelea na swali lililofuata.

Vipindi hivyo vya moja kwa moja navyo vina adha yake. Saa kumi jioni ya New York ni saa tano usiku kwetu, na saa zao zikirudishwa nyuma mwishoni mwa mwaka inakuwa saa sita. Video zilizorekodiwa zinaweza kupakuliwa na kutazamwa baadaye, jambo linalookoa bando na kusaidia umeme unapokatika.

Kuhusu cheti, alama zake za mafunzo endelevu ya kazi zimeidhinishwa Marekani, kwa hiyo ulizia kwanza katika baraza linalokusajili kama zitahesabiwa unapohuisha leseni. Ada ni kubwa kwa mshahara wa serikali. Punguzo halijatangazwa popote, lakini niliandika barua pepe nikaeleza aina ya kituo ninachofanyia kazi, nao wakanipunguzia. Omba kabla ya kulipa, kwa maana fedha ikishapokewa hairudishwi.